Siku ya kwanza ya safari: Tulipogeuza gari Nanganga

Ndugu msomaji, msafiri akirejea nyumbani huulizwa mambo mengi: amefika wapi, ameona nini, watu wa huko wakoje. Ni nadra kuulizwa siku yake ya kwanza ilikuwaje. Sisi tunaona kuwa siku hiyo ndiyo inayostahili kuulizwa kabla ya nyingine zote, kwa sababu siku ya kwanza msafiri hajaiacha nyumba yake bado. Yaliyo ya haki na yasiyo ya haki aliyoyafanya kwa jirani na jamaa zake yamo garini pamoja naye.

Tuliondoka Mandawa mwezi wa Desemba, siku ya Alhamisi. Mandawa tunayoizungumzia ni hii yetu ya Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi, si ile ya Wilaya ya Kilwa ambayo abiria wa mabasi ya kusini huipita kwenye barabara kuu. Safari tuliyoikusudia ilikuwa ndefu: Kilwa, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, kisha Lamu, wiki tatu kwenda na kurudi, kwa gari letu dogo. Kwa zaidi ya miaka 30 tuliwasomesha watoto darasani habari za misikiti ya kale ya pwani ya Waswahili, nasi hatujapata kuweka paji la uso katika hata mmoja wa misikiti hiyo. Tulipostaafu ualimu tukasema, sasa wakati umefika.

Tunasema "sisi" kwa adabu ya kalamu tu. Ndani ya gari tulikuwa mmoja. Mwalimu mwenzetu tuliyekubaliana kusafiri naye alishikwa na homa siku tatu kabla ya kuondoka, naye akatuomba tusiahirishe kwa ajili yake.

Mama yetu mzazi, ambaye umri wake sasa ni mkubwa, hakulifurahia jambo hilo. Usiku wa kuamkia safari alituita barazani.

"Mwanangu, unakwenda na nani?"

"Peke yangu, mama. Mwenyezi Mungu atakuwa pamoja nami."

"Mwenyezi Mungu yuko pamoja nawe, na akili amekupa Yeye. Ukisinzia katika usukani nani atakuamsha?"

Mama anazikumbuka safari za zamani, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, ambapo msafiri wa kusini alivuka Mto Rufiji kwa kivuko pale Ndundu. Anaikumbuka pia Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu katika Wilaya ya Kilwa, wasafiri wakakwama huku na huku. Tulimwahidi kwamba hatutaendesha usiku, na kwamba siku ya kwanza tutalala Kilwa Masoko kwa mwenyeji wetu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali la mwisho.

"Umeagana na watu wote? Hakuna deni la mtu unaloondoka nalo?"

"Hakuna, mama. Mambo yote yapo sawa."

Alfajiri, baada ya swala, alitushika mkono na kutuombea ile dua ya kumuaga msafiri, ambayo kwayo Muislamu humkabidhi Mwenyezi Mungu dini ya msafiri, amana yake na hatima ya amali zake. Tukaitikia amini, tukawasha gari.

Msafiri mmoja wa Tanja

Suala la kusafiri peke yako si dogo katika dini yetu. Imamu Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Umar (R.A.) hadithi ambayo ndani yake Mtume (S.A.W.) anatutahadharisha na upweke wa safarini, na hasa mwendo wa usiku. Wanavyuoni wameeleza kuwa sababu yake ni kukosa msaada: mtu akiugua, akishambuliwa au akipotea, hana wa kumsaidia. Kwa hiyo wapo waliosema kwamba njia ikiwa ya amani na yenye watu wengi, ukali wa katazo hupungua. Tulijiliwaza kwa kauli hiyo. Barabara ya leo ina malori, mabasi na bodaboda, na simu iko mfukoni.

Tulijiliwaza pia kwa kumkumbuka Ibn Battuta. Yeye aliondoka mji wake wa Tanja, huko Moroko, siku ya Alhamisi, tarehe 2 Rajab mwaka 725 Hijria, yaani Juni 1325, kwa nia ya kuhiji. Alikuwa kijana wa miaka 21, na alitoka peke yake, bila mwenzi wala msafara. Miaka sita baadaye, mwaka 1331, alifika pwani yetu, akalala usiku mmoja Mombasa, kisha akafika Kilwa katika zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejulikana kwa lakabu ya Abu al-Mawahib, Baba wa Vipawa, kwa wingi wa ukarimu wake. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao magofu yake yamo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981, ndio tuliotamani kuufikia kwanza.

Lakini habari ya Ibn Battuta ina upande mwingine, nasi tulikuwa tukiutaja darasani kwa haraka tu. Alipoondoka, wazazi wake wote wawili walikuwa hai, na mwenyewe amesimulia namna kutengana huko kulivyomtia huzuni yeye na wao. Hakuwaona tena. Alipofika Damaski mwaka 1348 aliambiwa kuwa baba yake alikwisha fariki miaka 15 nyuma. Mwaka uliofuata, akiwa karibu kufika kwao baada ya miaka 24, akapata habari kuwa mama yake amefariki kwa tauni. Neno alilowaambia wazazi wake asubuhi ile ya Tanja lilikuwa la mwisho baina yao.

Wazo hilo lilitujia tukiwa tumekwisha uacha mji wa Ruangwa, tumeingia lami ya kwenda Nanganga, jua linapanda na mikorosho imesimama kulia na kushoto. Tukajiuliza: na sisi, neno letu la mwisho kwa mama lilikuwa lipi? Lilikuwa hili: "Hakuna, mama. Mambo yote yapo sawa." Nalo halikuwa kweli.

Matairi mapya

Tulifika Nanganga, pale barabara ya Ruangwa inapokutana na barabara kuu ya Masasi na Lindi, yapata saa 2 na robo asubuhi. Tukasimama kujaza mafuta. Kijana aliyekuwa akipima upepo aliinama, akapapasa matairi yetu, akasema kwa furaha, "Mzee, matairi mapya haya! Safari yako itakuwa salama."

Hatukuweza kumjibu.

Yalikuwa mapya kweli, yote manne. Tuliyanunua kwa fedha za korosho za msimu huu, na ndani ya fedha hizo mlikuwamo shilingi 60,000 zisizo zetu. Zilikuwa za ndugu mmoja wa kijijini aliyepalilia shamba letu na kupuliza salfa katika mikorosho yetu tangu Juni, asubuhi na mapema kabla umande haujakauka, kitambaa kimefungwa puani. Tulimlipa nusu ya mapatano. Nusu ya pili tuliahidi kuimaliza mnada ukifanyika. Mnada ukafanyika, fedha zikaingia, tukamwambia asubiri kidogo. Alipokuja mara ya pili tukamwambia, "Tukirudi safari tutamalizana." Akasema, "Hakuna neno, Mwalimu, nimekusamehe hata hiyo ya kuchelewa." Nasi tukaridhika na kauli hiyo kama kwamba ni risiti.

Kila mtoto wa madrasa anajua kwamba Uislamu unaamuru mfanyakazi alipwe haraka, jasho lake lingali mwilini. Jasho la ndugu yule lilikwisha kauka miezi sita, nasi tulikuwa tunatembea juu yake kwa magurudumu manne.

Jambo la pili lilitutia hofu zaidi. Kwa siku nyingi tulikuwa tumewaahidi jamaa na majirani kwamba tutawaombea dua safarini, kwa kuwa dua ya msafiri ni miongoni mwa dua tatu zisizorudishwa, kama ilivyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Abu Huraira (R.A.). Nyingine ni dua ya mzazi kwa mwanawe. Na ya tatu ni ya aliyedhulumiwa. Tulikuwa tumeitegemea ya kwanza, tumeichukua ya pili kwa uongo, na ya tatu tumeiacha nyuma yetu Mandawa, haijulikani inasema nini.

Tulipiga simu ya ndugu yule. Haikupatikana. Tukampigia jirani yake, naye akatuambia, "Simu yake aliiuza mwezi uliopita, Mwalimu. Kama ni fedha, tuma kwangu nitamfikishia."

Lilikuwa pendekezo jema, na jirani huyo ni mwaminifu. Tungetuma, tungeendelea na safari, na Kilwa tungefika mchana. Lakini deni letu lilikuwa na sehemu mbili. Fedha zingeweza kwenda kwa simu ya jirani. Kuchelewesha kwetu, huku tukiwa na uwezo, kulikuwa ni dhuluma yenyewe, na ya hiyo ilitupasa tumwendee mwenyewe tukamwombe radhi uso kwa uso.

Tulikumbuka pia siku ya kwanza ya safari iliyo kubwa kuliko zote katika historia yetu. Mwaka 622, Mtume (S.A.W.) alipotoka Makka kuhama, watu wale wale waliotaka kumuua walikuwa wamemwekea mali zao kwa uaminifu wake. Alimwacha Ali (R.A.) nyuma, katikati ya hatari, ili azirejeshe amana hizo kwa wenyewe kabla ya kumfuata. Naye mwenyewe hakutoka peke yake, bali pamoja na Abu Bakar (R.A.), na hawakukimbilia kaskazini iliko Madina. Walielekea kusini, wakakaa pangoni Thaur siku tatu. Kwa hesabu ya masafa, siku ya kwanza ya Hijra iliwatenga zaidi na Madina, lakini amana za watu zilikuwa njiani kurudi kwa wenyewe.

Tukageuza gari.

Rakaa nne nyumbani

Tulipoingia Mandawa, mama alikuwa ameketi barazani anachambua mboga. Alilitazama gari, akatutazama sisi, hakuuliza kitu. Tulimwambia yote, na kwamba jana tulimdanganya. Akaendelea na mboga zake kwa muda, kisha akasema, "Mfuate shambani. Yuko kwa watu, anapalilia."

Tulimkuta kwenye saa 6 mchana, jembe mkononi, katika shamba la mtu mwingine. Alishangaa.

"Mwalimu, si umesafiri?"

"Nilisafiri, nimerudi. Nina haki yako mkononi, na nimekuja kukuomba radhi."

Alizipokea zile 60,000 kwa mikono miwili, akazihesabu taratibu, akazikunja. Alikaa kimya mpaka tukadhani hatasema neno. Kisha akasema, "Mwalimu, nitakwambia kweli. Siku ile niliposema nimekusamehe, nilisema kwa mdomo. Binti yangu anaumwa macho. Aliandikiwa kwenda hospitali ya mkoa Lindi tangu Oktoba, nauli na gharama sina. Simu nimeiuza tukala. Usiku akilalamika, nilikuwa nasema maneno mengine kwa Mwenyezi Mungu, na jina lako lilikuwamo."

Hatuna haja ya kukueleza, ndugu msomaji, tulivyojisikia. Tulimwomba radhi mara ya pili, na mara hii tulikuwa tunajua tunaombea nini. Akasema, "Sasa nimekusamehe." Tukamuuliza, binti yuko wapi? Yuko nyumbani. Tukamwambia, gari lina nafasi, na Lindi tunapita.

Adhuhuri tuliiswali Mandawa, rakaa nne kamili. Tunalitaja hili kwa sababu wasomaji wengi hutuuliza kuhusu kupunguza swala. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, msafiri huanza kupunguza akiisha kuzivuka nyumba za mji wake, si akiwa bado uani kwake amefunga mizigo, na masafa anayoyakusudia yawe ya marhala mbili, ambazo wanavyuoni wa leo hukadiria kuwa kati ya kilomita 80 na 90. Asubuhi tulipovuka nyumba za mwisho tulikuwa wasafiri. Tuliporudi katika mji tunaokaa, safari ile ilikatika na tukawa wakazi tena.

Tuliondoka mara ya pili saa 8 mchana. Mke wetu aliongeza mihogo ya kuchemsha na korosho za kukaanga katika kapu, maana sasa walaji ni watatu. Mama alisimama mlangoni, akaomba dua ile ile, neno kwa neno. Alipomaliza akasema, "Sasa ndiyo unaondoka."

Njia ya Lindi

Njia ni ile ile tuliyopita asubuhi, lakini haikuwa ile ile. Binti, mwenye umri wa miaka kama 10, alikaa nyuma, kitambaa kimefunika jicho moja, akasoma kwa sauti vibao vya barabarani alivyoweza kuviona. Baba yake alikaa mbele. Mara mbili, joto la mchana liliposhuka juu yetu na macho yakawa mazito, alituambia, "Mwalimu, simama tunyooshe miguu." Tukalikumbuka swali la mama: ukisinzia, nani atakuamsha?

Mtama tulisimama kwa alasiri, rakaa mbili, kwa kuwa sasa tulikuwa wasafiri kwa kweli. Mnazi Mmoja, njia panda ya Mtwara na Lindi, tukashika kushoto. Tuliingia mji wa Lindi kwenye saa 12 jioni, bahari imetulia na jua linakaribia kuzama. Magharibi tuliiswali rakaa tatu, kwani hiyo haipunguzwi, na isha tukaikutanisha nayo rakaa mbili.

Tulimpigia simu mwenyeji wetu wa Kilwa Masoko kumwomba radhi kwamba hatutafika leo. Kwa hesabu ya msafiri, siku yetu ya kwanza ilikuwa hasara: mafuta ya kwenda na kurudi Nanganga, na bado tumelala Lindi, mahali ambapo tulidhamiria kupapita kabla ya chakula cha mchana.

Kwa familia zinazotusoma, tuna haya machache ya kuwausia. Imamu Ghazali, katika mlango wa adabu za safari ndani ya Ihyaa, anaanza na kurudisha haki za watu, kulipa madeni, kuwaachia matumizi wanaokutegemea na kurejesha amana, na baada ya hapo ndipo anapokuja kwenye masurufu na mwenzi wa njia. Sisi wa leo huanza na matairi. Basi kabla ya safari ya mbali, mume na mke wakae wiki moja mbele waandike: tunadaiwa na nani, tunamdai nani, ni amana ya nani iliyo kabatini kwetu, na ni jirani gani hatujasemeshana naye. Mzazi akiuliza swali la deni, ajibiwe kweli, maana yeye anaomba dua kwa kutegemea jibu hilo. Ikibidi kusafiri peke yako, safiri mchana, kwa njia yenye watu, na jamaa zako wajue utalala wapi. Na kabla hujaondoka na viti vitupu, uliza mtaani kwako nani ana haja ya kwenda huko.

Baba na binti walifikia kwa shangazi yao, na asubuhi wangewahi hospitali. Sisi tulikuwa na nia ya kuamka mapema ili tuwahi swala ya Ijumaa Kilwa. Tulipowafikisha mlangoni tulitaka kuagana haraka, giza limeingia. Ndugu yule akatuzuia, akatushika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, ile ile ya jembe na ya salfa, akatuombea. Ilikuwa dua ya mama: dini yetu, amana yetu na hatima ya amali zetu. Binti akaitikia amini.

Wabillahi tawfiq.